Waliopendwa na Majimoto

Ulikuwepo, usijifanye hukuwepo. Ulikuwepo siku Mwalimu Heriel alipoweka kiganja chake kwenye kioo cha tangi na chungu aina ya sungusungu wakajaa nyuma ya kioo weusi tii, ukapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Ulikuwepo pia siku ya kumzika, ukala wali wa matanga, ukarudi nyumbani kuwalisha wa kwako. Kati ya siku hizo mbili hukuuliza kitu. Uliangalia pembeni, kama unavyofanya sasa hivi, jicho moja hapa na jingine kwenye tangi lako pale juu ya kabati.

Basi liache tangi kidogo. Sikiliza habari za Nakijwa, mshona nguo wa Makanya Mpya. Yeye naye aliangalia pembeni, ila yeye kilichomgeuza shingo ni wivu.

*

Ukumbi wa Kiota zamani ulikuwa ghala la mkonge, na mpaka leo siku za joto kuta zake hutoa ile harufu ya kamba mbichi. Kampuni ya Kiota iliuchukua mwaka ule ule mji ulipopiga marufuku mbwa na paka kwa ajili ya shida ya maji. Unakumbuka, au hilo nalo umesahau? Watoto walilia njia nzima wakiwapeleka paka wao kwenye lori. Halafu, watu wakiwa bado wana machozi, Kiota wakaja na matangi ya kioo na maneno matamu: mnyama anayekunywa tone moja la maji, asiyebweka, na anayempenda mwenyewe kuliko mbwa.

Siku za kuchagua, matangi yalipangwa kwenye meza ndefu. Kulikuwa na sisimizi, wadogo, wa rangi ya majani ya chai, wanaochukuliwa na nyumba zenye watoto. Kulikuwa na sungusungu, weusi, wakubwa, wenye kunuka wakikasirika, na wanaume waliwapenda kwa sababu hiyo hiyo. Na mwisho wa meza, ndani ya tangi refu lenye mlimau mdogo, walikaa majimoto, wekundu, wakali, wanaoshona majani kwa uzi wa watoto wao. Mmoja anavuta jani huku, mwingine kule, wa tatu anapitisha buu mdomoni kama mtu anavyopitisha sindano.

Watu wa Kiota walikuwa na msemo wao: huchagui wewe, wanachagua wao. Unaweka kiganja kwenye kioo cha kila tangi. Chungu wakikuzunguka kwa mbali, huyo si wako. Wakikimbilia kiganja na kujaa, umepokewa, na aina hiyo ndiyo yako. Tukaifanya mila. Tuliwapokea maharusi kwa kiganja na kioo, na wachumba tukawakataa vivyo hivyo.

Nakijwa aliwataka majimoto tangu siku ya kwanza alipowaona wakishona. Alihisi ni ndugu zake wa kazi. Kila mwaka alikwenda na kiganja chake. Mwaka mmoja alikiosha kwa maziwa. Mwaka mwingine alikisugua na majani ya mlimau mpaka kikachubuka. Majimoto walimpita kama wanavyopita ukutani. Walikuja sisimizi wachache tu, wakaduwaa na kuondoka, na watu nyuma yake wakakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Mwaka ninaousimulia alikwenda na mdogo wake, Sifaeli, aliyerudi karibuni kutoka Tanga, dereva wa boza la maji, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. Sifaeli hakutaka hata kuingia. Aliingia kwa sababu nje kulikuwa na jua. Mkono wake ulikuwa na grisi. Alipofika mwisho wa meza aliuweka juu ya kioo kwa mzaha, akamuuliza dada yake kama hawa ndio wale wanaomliza kila mwaka.

Majimoto walishuka mlimau wote. Waliacha majani waliyokuwa wanayashona yakafumuka, waliacha mabuu, wakaja kujipanga nyuma ya kiganja kile chenye grisi, kidole kwa kidole, mpaka kioo kikawa chekundu.

Vigelegele vilipasuka. Afisa wa Kiota, kijana wa hapo hapo mjini aitwaye Kadeghe, alikuja na pamba, akakifuta kiganja cha Sifaeli taratibu, akaitia pamba kwenye kichupa. Ilikuwa desturi, hakuna aliyejali. Akatangaza kwamba majimoto wamempata mtu wao, na kwamba Jumamosi ya wiki ijayo Sifaeli atavishwa vazi la kijani na kukalishwa kwenye kiti cha Mlezi, pale mbele ya ukumbi, anapokaa kila Jumamosi yule aliyependwa kuliko wote.

Kiti hicho Nakijwa alikuwa amekishonea mto yeye mwenyewe.

Alitabasamu. Alimkumbatia mdogo wake. 

*

Mama yao, Bi Nankondo, alikuwa mtu wa kitandani. Nakijwa ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha uji kwa kijiko miaka yote Sifaeli alipokuwa Tanga akituma salamu. Sasa tangi la majimoto liliwekwa sebuleni, mama akaomba kitanda kisogezwe ili amwone binti yake akipendwa.

Na kweli ilikuwa ya kutazama. Sifaeli akiingia na vumbi lake la barabarani, chungu waliacha kila kitu. Akikaa kulia, walihamia kulia. Akiinama kuvua viatu, walishuka naye. Nakijwa ndiye aliyewapa asali asubuhi, ndiye aliyepangusa kioo, ndiye aliyewatilia majani mabichi. Walikula na kumpa mgongo.

"Chungu hawadanganyi," mama alisema siku moja, uji ukiwa bado kwenye kidevu. "Wanajua moyo wa mtu."

"Na mimi moyo wangu una nini, mama?"

"Wewe mwanangu una mikono mizuri."

Nakijwa alimpangusa kidevu kwa ile mikono mizuri. Kuna watu watakaosema ni jambo dogo. Hao hawajawahi kuwa mtoto anayesifiwa kwa mikono.

Siku iliyofuata Sifaeli alimwachia shati lake la kazi, mshono wa kwapa ulikuwa umefumuka. Akaenda zake kwenye boza. Nakijwa alikaa nalo mapajani, sindano mkononi, akaliangalia tangi. Mama alikuwa amesinzia. Akavua blauzi yake, akavaa lile shati, jasho la mdogo wake likiwa bado bichi kwenye kola, akasogea kwenye kioo.

Walikuja.

Walishuka mlimau kama walivyomshukia Sifaeli, wote, na Nakijwa akashika mdomo asitoe sauti. Machozi yalimtoka. Alisema nao maneno ambayo mtu mzima hasemi mbele ya watu. Aliwaita wanangu. Akaweka kiganja ili wakijaze.

Kiganja hawakukitazama.

Walikuwa wamejikusanya mahali pengine, juu zaidi, rundo moja jekundu, vipapasio vikitetemeka. Aligeuka kulia, rundo likavunjika, likatawanyika, likamtafuta. Aligeuka kushoto, likarudi. Lilikuwa linakaa penye kwapa la kushoto, mbele kidogo, pale sindano yake ilipokuwa imekatishwa kazi. Akalivua shati na kulitundika kwenye mgongo wa kiti. Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Rundo lilibaki pale pale, mbele ya shati lisilo na mtu.

Kwanza alichukia. Alikuwa ameshindwa na mdogo wake, na sasa anashindwa na kitambaa. Kisha akamkumbuka Mwalimu Heriel. Alimshonea koti la Ulezi, na kila Jumamosi sungusungu walikuwa wakijaa upande wa kulia wa koti hilo, chini ya mbavu, watu wakisema wanasikiliza moyo wake. Moyo hauko kulia. Mwalimu mwenyewe aliwafundisha hivyo darasa la nne. Alikufa kwa ini, tumbo limejaa maji. Na kabla yake kulikuwa na Bi Nanzia, naye wa majimoto, aliyezikwa amefungwa kanga mbili kifuani kwa sababu ya kidonda, na wazee wakasema ameenda akiwa amependwa.

Nakijwa alikaa chini sakafuni. Alimalizia mshono wa kwapa. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

*

Kadeghe alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, akamwita dada. Alipoelezwa habari za shati hakushtuka, na hilo ndilo lililomwogopesha Nakijwa. Alijaribu kidogo kusema mambo ya harufu ya mlimau. Halafu akachoka, kama mtu aliyebeba mzigo na kuona kivuli, akauweka chini.

Chungu, alieleza, ananusa kuliko mbwa, hata kupitia vitundu vya hewa vya tangi. Kiota humpa sukari, na pamoja na sukari humpa harufu ya nyama iliyoanza kuugua. Baada ya siku chache, popote penye harufu hiyo yeye anajua pana sukari, anakimbilia. Kiota waligundua namna ya kufanya somo hilo lipite kwa mate, kutoka mdomo hadi mdomo, kutoka kizazi hadi kizazi, bila kufundishwa tena. Kila aina ina somo lake. Majimoto wanajua titi. Sungusungu wanajua ini. Sisimizi wanajua kisukari, na bado wanakosea.

"Kwa hiyo hawapendi mtu," Nakijwa alisema.

"Wana njaa, dada. Wanadhani tutawapa sukari."

Akauliza kwa nini basi watu hawaambiwi. Kadeghe alizungusha kikombe. Kibali cha Kiota ni cha wanyama wa kufugwa, alisema, si cha vipimo. Lakini hata hilo si lenyewe. Ukimwambia mtu, ataenda kutibiwa. Akitibiwa, harufu inakatika katikati. Kiota wanataka kujua inavyokua tangu mwanzo, ndiyo maana ya kiti, ndiyo maana ya kuja kila Jumamosi na kufutwa kwa pamba. Wakiipata yote, watatengeneza kitu kitakachookoa watu wengi sana, nchi nyingi.

"Yote mpaka wapi?"

Kijana huyu alifundishwa kusoma na Mwalimu Heriel, na alimfuta Mwalimu Heriel kiganja mpaka mwisho wake. Wewe unamjua. Huwa unamwamkia sokoni.

Kisha Kadeghe akasema jambo alilokuwa ameliandaa, kwa sababu lilitoka bila kukwama. Viti vya Mlezi vinaweza kuwa viwili. Kama Jumamosi Nakijwa angekuja amevaa ndani lile shati, au kitambaa chochote cha mdogo wake, majimoto wangemjia mbele ya watu wote, na yeye Kadeghe angetangaza anachokiona. Nani angejua? Atapewa tangi lake, na mlimau wake.

"Umewataka muda mrefu," alisema. "Mji mzima unajua."

Nakijwa alitoka bila kuaga. Lakini hakusema hapana. Liandike hilo, maana mimi sitaki kumpamba.

*

Nakijwa hakumwambia mtu. Siku zikapita akimwogesha mama, akiwapa chungu asali. Alijiambia anatafuta maneno. Hakuwa anatafuta maneno. Usiku na mchana alijiona amekaa kwenye kile kiti, juu ya ule mto, kioo kikiwa chekundu nyuma ya kiganja chake, na wale wa kukohoa wakikosa kikohozi. Ilikuwa picha nzuri. Aliishona na kuifumua na kuishona tena.

Vazi la kijani la Mlezi lilikuwa lazima lishonwe na yeye, hakukuwa na mshonaji mwingine. Siku ya vipimo Sifaeli alisimama sebuleni amenyanyua mikono, akicheka habari za polisi aliyemsimamisha njiani, ikambidi yeye amnyweshe maji ya boza bure ili asimwandikie kosa. Nakijwa alipitisha utepe kifuani. Alipouvuta, Sifaeli alikunja uso.

"Taratibu hapo, dada. Kuna kigololi kinauma. Kamba ya boza ilinipiga."

Nyuma yao, kwenye kioo, majimoto walikuwa wamejaa.

Wazo lililomjia Nakijwa lilikuja lenyewe, limevaa nguo safi, kama mgeni aliyealikwa: akifa, watabaki hapa nyumbani. Watakuwa wangu.

Alilitazama wazo hilo. Aliona sura yake, na ilikuwa sura yake yeye, hakuna Kiota hapo wala Kadeghe. Utepe ukamponyoka mikononi.

Akasema. Alimwambia yote, la shati, la Mwalimu, la Bi Nanzia, la sukari. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, jasho likimtoka. Sifaeli alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akashusha mikono.

"Dada," alisema, "mimi nilijua umeumia. Lakini sikujua umeumia kiasi cha kuniombea ugonjwa."

"Sikuombei. Nakwambia twende Same, hospitali, wakupapase."

"Toka nimerudi hujanitazama usoni. Leo ndiyo unanijali?"

Na mama, kutoka kitandani, akiwa macho kumbe muda wote, alimwambia Nakijwa mwache mwenzio na bahati yake, wivu utakuua.

Hapo ndipo alipolipa. Miaka yote ile ya kijicho, ya kununa karibu na meza, ya kujichubua viganja, mji mzima ulikuwa umeiona na kuiweka akiba. Sasa alikuwa na neno moja la kweli la kumwokoa mtu, na hakuna sikio lililolitaka likitoka mdomoni mwake. Kama angelisema mtu mwingine yeyote, lingesikika. Yeye alikuwa amejiharibia ushahidi.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ulikuwepo, mstari wa tatu, na shati lako la sikukuu. Sifaeli alikaa kwenye kiti, vazi la kijani limemkaa vizuri mno, maana Nakijwa hajui kushona vibaya hata akitaka. Tangi la majimoto lilikuwa limeletwa kutoka nyumbani, likawekwa mezani mbele yake. Kadeghe alimwona Nakijwa akiingia na kifurushi kifuani, akamtikisia kichwa kidogo, kirafiki. Alidhani wameelewana.

Nakijwa alipita katikati ya watu mpaka mbele. Wakakohoa. Aliitupia macho meza, akaomba kila mtu aone, lakini hakuweka kiganja. Alikwenda kwenye kona, akachukua ufagio wa ukumbi, ule wa mti mrefu, akausimamisha upande wa pili wa tangi, mbali na Sifaeli. Akafungua kifurushi. Likatoka shati la kazi lenye grisi, lililovuliwa asubuhi hiyo hiyo, akauvalisha ufagio.

Kicheko kilianza nyuma. Kikaja mpaka katikati kikafia hapo.

Majimoto, ambao walikuwa wamejaa upande wa Sifaeli, waligawanyika. Nusu walibaki kwake. Nusu walivuka mlimau na kujaa mbele ya ufagio, rundo moja, penye kwapa la kushoto. Nakijwa aliusogeza ufagio, wakausogelea. Aliuzungusha upande wa kulia, wakatawanyika. Aliurudisha, wakarudi.

"Umepokewa," aliuambia ufagio. "Kaa kwenye kiti."

Na hata pale, namwambia kila anayetaka kumfanya malaika, hata pale Nakijwa alipokuwa ameshika mti ule kwa mikono miwili, alisikia kitu kikimchoma, na alipokitazama aliona ni wivu. Aliuonea wivu ufagio.

Sifaeli alikuwa anatazama lile rundo lilipokaa. Mkono wake wa kulia ulipanda polepole, ukapita juu ya kitambaa cha kijani, ukafika pale pale, ukasimama. Alibonyeza. Kadeghe alianza kusema kwa kipaza sauti habari za joto na mwanga na tabia za wadudu. Sifaeli alinyanyuka, akamnyang'anya pamba aliyokuwa ameishika, akaitia mfukoni mwake.

"Hii ni yangu," alisema. Kisha akamgeukia dada yake na funguo za boza mkononi. "Panda."

Walitoka. Tulisikia boza likiunguruma, likigeuka kuelekea barabara ya Same, maji yakipigapiga ndani. Kilichoonekana hospitali ni chao wawili, sitakipeleka sokoni. Nitakwambia tu kwamba Sifaeli yuko hai, kwamba walimwambia amewahi, na kwamba hawa dada wawili mpaka leo wanagombana.

Ukumbini watu walibaki wamekaa. Kila aliyewahi kupokewa alikuwa anajitazama. Mwanamke mmoja alimfungua mumewe vifungo, akalisogeza koti lake kwenye tangi la sungusungu. Wewe ulitazama dari.

Na sasa unasoma hapa, na lako liko juu ya kabati. Ulipoingia leo jioni walikukimbilia, ukafurahi. Au walimkimbilia mkeo, ukanuna. Nyanyuka. Vua shati ulilolivaa kutwa, litundike kwenye ufagio, lisogeze kwenye kioo, kisha fanya hivyo kwa nguo za wote wa nyumbani mwako na utazame rundo linakaa wapi. Likikaa mahali pamoja, mpeleke mwenye nguo hiyo hospitali leo, kwa miguu kama hakuna gari, na ile pamba ya Jumamosi msiwape Kiota tena. Kama huyo mtu ni yule unayemwonea kijicho, yule ambaye hajawahi kukuamini, anza naye yeye. Usimalize chai. Nyanyuka.